Kijiji Kizima Kinajua

Leo mazungumzo yetu yanakwenda Ufilipino, ila Manila hatutakaa sana. Nataka twende mikoani, kwenye miji midogo yenye soko moja, kanisa moja au msikiti mmoja, kituo cha polisi chenye askari wachache, na redio ambayo kila nyumba inaifungua asubuhi.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, alfajiri, Juan Jumalon alikuwa hewani. Mji wake unaitwa Calamba, mkoa wa Misamis Occidental, katika kisiwa cha Mindanao. Kituo cha 94.7 Gold FM alikiendesha nyumbani kwake, na wasikilizaji walimjua kwa jina la DJ Johnny Walker. Akaja mtu akasema ana tangazo, anaomba lisomwe. Sisi tuliokulia kwenye kazi hii tunajua hakuna mlango unaofunguliwa kwa urahisi kama wa redio ya mji mdogo kwa mtu mwenye tangazo, liwe la msiba au la mifugo iliyopotea. Akaingizwa. Waliokuwa wakikifuata kipindi kwa Facebook walimwona Jumalon akinyamaza, akainua macho kutazama kitu kilichokuwa nje ya kamera, kisha risasi mbili. Muuaji akamnyang'anya mkufu wa dhahabu shingoni na kutoka mbio. Mwenzake alikuwa anamsubiri nje na pikipiki. Marehemu alikuwa na miaka 57. Chama cha Taifa cha Waandishi wa Habari wa Ufilipino kilimwandika kuwa mwanahabari wa 199 kuuawa tangu demokrasia iliporudi nchini humo mwaka 1986.

Wengi wa hao 199 ni watu wa redio, na wengi ni wa mikoani. Ukizisoma kesi hizo moja baada ya nyingine, unakutana na jambo lile lile. Ripoti inasema watu wawili wasiojulikana, pikipiki, uchunguzi unaendelea. Lakini mara nyingi sokoni jina linatajwa. Kwa kinyozi linatajwa. Mama anayeuza samaki anajua nani alikuwa na ugomvi na marehemu, gari la nani lilionekana, kijana wa nani ametoweka mjini tangu siku ile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba tatizo la haki katika mikoa ile ni ukosefu wa ushahidi. Ushahidi upo, umekaa majumbani mwa watu. Anayeubeba ndiye asiye na pa kwenda nao.

Tuanze na maisha ya kawaida, maana uhalifu huu hauoti hewani. Ufilipino imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 42,000 vinavyoitwa barangay. Kila barangay ina kiongozi wake wa kuchaguliwa, wanamwita kapiteni, ana wajumbe wake na mgambo wanaozunguka usiku na tochi na virungu. Msikilizaji wa Tanzania amfikirie mwenyekiti wa kijiji, ila mwenye nguvu zaidi kidogo. Na pale kwenye barangay pana baraza la usuluhishi. Lilianzishwa kwa amri ya mwaka 1978, likatiwa nguvu na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1991. Kapiteni ndiye mwenyekiti, na wajumbe ni kati ya 10 na 20, watu wa hapo hapo wenye heshima zao.

Baraza hili nalisifu kwa dhati. Mawakili hawaruhusiwi kuingia. Jirani aliyekata tawi la mwembe la mwenzake, kijana aliyempiga mwenzie ngumi kwenye pombe, aliyekopa na hataki kulipa, wote wanakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kapiteni wanasemezana. Kesi ambayo adhabu yake haizidi mwaka mmoja jela au faini ya peso 5,000, kama wahusika wanakaa mji mmoja, lazima ipite hapo kwanza. Mahakama haiipokei bila cheti cha barangay. Wakipatana na siku 10 zikapita bila mtu kupinga, mapatano yale yana uzito wa hukumu. Maskini asiye na nauli ya kwenda mahakamani anapata haki yake kwa kutembea dakika tano.

Linafanya kazi kwa sababu watu wanajuana. Aliyekopa anajua kesho atapita mbele ya kibanda cha yule yule aliyemkopesha. Vibanda vyenyewe viko kila kona: mafuta ya kula ya kupimiwa kwenye kifuko, sigara moja moja, shampuu ya pakiti ndogo, vitunguu viwili. Wakenya wanaijua biashara hii ya kadogo. Nyuma ya wavu wa kibanda kuna daftari, na ndani ya daftari majina ya nusu ya mtaa, kila mmoja na deni lake, mengine yakisubiri pesa ya binti aliyeko Dubai au Muscat. Msikilizaji unayetusikiliza kutoka huko Ghuba pengine umefanya kazi naye nyumba moja, na unajua mwisho wa mwezi unavyomuuma. Katika mtaa wa namna hiyo, aibu inatosha kumlipisha mtu deni.

Sasa panda ngazi moja. Mzee wa nyumba fulani anaugua, hospitali ya mkoa inataka pesa kabla ya upasuaji. Familia inakwenda wapi? Kwa meya, au kwa mbunge, kuomba barua ya dhamana, ili bili ilipwe kutoka fungu la serikali. Mzee akifa, jeneza litaombwa huko huko. Mtoto akimaliza shule, kazi ya halmashauri itaombwa huko. Fedha zote hizo ni kodi ya wananchi, lakini zinapita mkononi mwa mtu mmoja, na mkono ule una jina na sura. Mtu aliyekuzikia mama yako unamdai nini tena? Heshima hii ya kutomsahau aliyekutendea wema ni jambo jema la Wafilipino, na wakubwa wa mikoa wamejifunza kuitumia kama pingu.

Na ukubwa wenyewe unarithiwa. Baba gavana, mama mbunge, mtoto meya, mpwa diwani; vipindi vikiisha wanabadilishana viti. Katiba ya mwaka 1987, iliyoandikwa baada ya kumwondoa dikteta Ferdinand Marcos, inakataza nasaba za kisiasa, lakini ikaacha Bunge litunge sheria ya kueleza nasaba ni nini. Bunge lililojaa familia hizo halijaitunga kwa nchi nzima hadi leo. Mwaka 2015 walipitisha katazo la aina hiyo kwa baraza la vijana la barangay: kijana haruhusiwi kugombea humo ikiwa ndugu yake wa karibu ni kiongozi wa kuchaguliwa. Kijana anayetaka kusimamia mashindano ya mpira wa kikapu mtaani anabanwa na sheria, na familia inayoshika mkoa mzima haibanwi. Hili linanikera kila ninapolisoma.

Kwa hiyo ule ujirani unaomlinda mtu kwenye kesi ya mwembe, juu kidogo unageuka. Kapiteni aliyewapatanisha wagombanao naye ana meya wake. Meya ana gavana wake. Mkuu wa polisi wa mji, kwa sheria, anateuliwa na meya kutoka orodha anayopelekewa. Shahidi anajua yote haya kabla hajafungua kinywa.

Jambo hili tumeliona pia kwenye vita vya dawa za kulevya, vilivyoanza nchi nzima Julai 2016 chini ya Rais Rodrigo Duterte, aliyekuwa meya wa Davao zaidi ya miaka 20. Polisi walihitaji majina, na majina yalitoka barangay. Viongozi waliambiwa waandike orodha ya watumiaji na wauzaji katika maeneo yao. Jirani akaandikwa na jirani, wakati mwingine kwa kweli, wakati mwingine kwa chuki ya mpaka wa shamba. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya watu 6,000 waliuawa katika operesheni za polisi, na mashirika ya haki za binadamu yanasema idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Duterte alikamatwa tarehe 11 Machi 2025 na kupelekwa The Hague. Waliobaki mitaani ni familia za waliouawa na waandishi wa zile orodha, wakichota maji bomba moja.

Sasa twende Negros, kisiwa cha miwa. Nusu ya sukari ya nchi, au zaidi, inatoka mkoa mmoja tu, Negros Occidental, na ardhi kubwa ya huko ilikuwa ya familia chache tangu enzi za Wahispania. Kibarua wa miwa anafanya kazi msimu wa kukata na kusaga. Viwanda vikizima, inakuja miezi ya katikati ya mwaka ambayo wao wenyewe wanaiita kwa Kihispania msimu uliokufa. Hakuna ujira, duka la kukopa linafunga daftari. Sheria ya kugawa ardhi ilipitishwa mwaka 1988, na vibarua wengi wamezeeka wakingoja hati. Ndipo baadhi wakaanza kuingia kwenye sehemu zilizolala na kupanda mihogo, mboga na mahindi ili watoto wale.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2018, katika mji wa Sagay, kundi la vibarua wa chama cha wafanyakazi wa miwa walikuwa wameingia shamba la namna hiyo siku hiyo hiyo. Walikuwa chini ya turubai, wamepumzika. Watu wenye bunduki wakawamiminia risasi. Walikufa 9, wakiwemo wanawake na vijana ambao hawajatimiza miaka 18. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 6 Novemba, wakili Benjamin Ramos, aliyekuwa akiwatetea wakulima maskini wa kisiwa hicho, alipigwa risasi mjini Kabankalan na watu wa pikipiki. Kisiwa hiki kilishalia kabla: tarehe 20 Septemba 1985, mjini Escalante, wanamgambo na askari waliwafyatulia risasi vibarua na wakulima walioandamana, wakaua 20. Kila mwaka watu wa Escalante wanarudi barabarani siku hiyo kuwakumbuka.

Nirudi kwenye redio, maana bila redio mengi ya haya yasingesemwa. Mtangazaji wa mkoani Ufilipino mara nyingi si mwajiriwa. Ananunua saa yake hewani kutoka kwa mwenye kituo, kisha anazunguka mwenyewe kutafuta wadhamini: mwenye duka la mbolea, mwenye hoteli, na ole wake, mwanasiasa. Hana mkataba wa kazi, hana bima, hana wakili wa kituo. Siku akitishiwa, mwenye kituo anaweza kumwambia kwamba yeye ni mteja tu. Uhuru anao, kwa maana hakuna mhariri wa kumkata. Lakini yuko peke yake. Wenye vituo wanaopokea ada ya saa hiyo wanapokea pia wasikilizaji wanaoletwa na ujasiri wa mtu huyo, nami nasema wanawajibika kwa uhai wake.

Gerry Ortega alikuwa daktari wa mifugo na mtangazaji wa Puerto Princesa, Palawan. Alisema hewani juu ya matumizi ya mapato ya gesi ya mkoa wake. Tarehe 24 Januari 2011, baada ya kipindi cha asubuhi, aliingia duka la mitumba, akapigwa risasi humo humo. Muuaji alikamatwa siku ile ile, na baadaye akahukumiwa kifungo. Kisha kesi ikaanza kupanda juu. Aliyekuwa gavana, Joel Reyes, alishtakiwa kwamba ndiye aliyepanga, amekana. Mwaka 2012 alitoka nchini, mwaka 2015 akakamatwa Thailand. Januari 2018 mahakama ya rufaa ikamfutia kesi, mwaka 2019 mahakama ile ile ikageuza uamuzi wake. Aliyevuta kifyatulio alikamatwa siku ile ile. Kesi ya anayedaiwa kumtuma imekula miaka zaidi ya kumi.

Nimeiacha Maguindanao mwisho kwa sababu pale ndipo unaona yote kwa pamoja, na unaona pia kwamba inawezekana kushinda.

Maguindanao, kusini, ulikuwa mkoa wa Waislamu, kabla ya kugawanywa kuwa mikoa miwili mwaka 2022, na ulishikwa na familia ya Ampatuan. Mzee Andal Ampatuan alikuwa gavana tangu 2001. Mji mmoja ulibeba jina la ukoo. Familia ilikuwa na wanamgambo wenye bunduki za serikali, na ilikuwa karibu na Rais wa wakati huo, Gloria Macapagal Arroyo, kwa sababu iliweza kumletea kura. Mwaka 2009 Esmael Mangudadatu, naibu meya wa Buluan, akaamua kugombea ugavana dhidi ya mtoto wa mzee, Andal mdogo. Alitishiwa kwamba akienda mwenyewe kurudisha fomu hatafika. Akamtuma mke wake, Genalyn, pamoja na dada zake, mawakili na waandishi wa habari wengi. Aliamini wanawake hawataguswa, na kwamba mbele ya kamera hakuna atakayethubutu.

Jumatatu tarehe 23 Novemba 2009 msafara ulisimamishwa kwenye kizuizi. Genalyn alimpigia mumewe simu akamwambia wamezuiliwa na watu wenye silaha. Wakapelekwa kilimani, ambako mashimo yalikuwa yameshachimbwa kwa katapila la serikali ya mkoa. Waliuawa wote, wakafukiwa pamoja na baadhi ya magari. Nyuma ya msafara kulikuwa na gari jingine lisilohusika kabisa: mfanyakazi wa serikali aliyekuwa amepata kiharusi, anapelekwa hospitali na mkewe na wafanyakazi wenzake. Nao walichukuliwa. Jumla ni watu 58, na 32 kati yao walikuwa wanahabari na wafanyakazi wa vyombo vya habari. Hakuna tukio moja lililowahi kuua wanahabari wengi kiasi hicho.

Angalia lile katapila. Watu waliopanga jambo hili walitumia mali ya umma, mchana, barabara kuu, kwa sababu katika maisha yao yote hawakuwahi kuona kitu walichofanya kikiwarudia.

Kwa nini basi waliweza kuhukumiwa? Kwanza, Mahakama ya Juu Kabisa iliiondoa kesi Mindanao na kuipeleka Quezon City, jirani na Manila. Huko nako hakimu wa kwanza kupangiwa alijitoa kwa hofu ya usalama, ndipo kesi ikamfikia hakimu Jocelyn Solis-Reyes, na yeye akakaa nayo takriban miaka kumi, akisikiliza ndani ya gereza lenye ulinzi. Pili, wadogo walisema. Mmoja wa mashahidi wa mwanzo alikuwa mtumishi wa nyumba ya Ampatuan, aliyesimulia kwamba aliwasikia wakubwa wakipanga mauaji wakiwa mezani kwa chakula. Mtu wa kupakua wali, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa ana masikio. Mwingine, mwanamgambo aliyekubali kusema alichokiona, aliuawa Juni 2010 kabla hajaingizwa kwenye mpango wa serikali wa kulinda mashahidi. Hilo ni doa ambalo serikali haiwezi kulifuta. Tatu, wajane na watoto hawakuacha. Walikataa pesa walizoletewa kwa siri ili wanyamaze, ingawa baadhi walikuwa hawana ada ya shule. Walisafiri kwenda Manila, wakakaa kwenye mabenchi ya mahakama, wakarudi, wakaenda tena.

Tarehe 19 Desemba 2019 hukumu ikasomwa. Andal mdogo na kaka yake Zaldy ni miongoni mwa 28 waliopewa kifungo cha hadi miaka 40 bila nafasi ya parole. Mzee alikuwa ameshafia kizuizini mwaka 2015. Wengine 15 walifungwa kati ya miaka 6 na miaka 10 na miezi 8, na zaidi ya 50 waliachiwa. Kati ya watuhumiwa 197, takriban 80 walikuwa hawajakamatwa siku ile. Wana ndugu, wana mashamba, na wapo wanaojua walipo.

Mangudadatu alishinda ugavana mwaka 2010, na ukoo wake nao umepanda viti vya eneo lile. Simlaumu mtu aliyempoteza mke kwa namna ile. Nasema tu kwamba hukumu imeondoa familia moja na mfumo umebaki, na kazi ya kutunga ile sheria ya nasaba iko mezani kwa Bunge tangu 1987.

Kuna jambo moja la hukumu ile sikubaliani nalo. Mahakama iliwatia hatiani kwa vifo 57. Wa 58 ni Reynaldo Momay, mpiga picha wa gazeti dogo, mwenye miaka 61. Mwili wake haukupatikana. Kilimani yalipatikana meno yake ya bandia, na familia ikayatambua. Mahakama ikaona hayatoshi kuthibitisha kifo chake, na familia ikakata rufaa ili naye ahesabiwe. Alipanda gari na wenzake asubuhi ile kwenda kupiga picha ya mwanamke akirudisha fomu ya mumewe, na hajaonekana tena. Vyumba vya habari vya Ufilipino vinaendelea kuandika 58. Nami nikiisoma habari hii hewani nasoma 58.